Mtoto aliyefinya wenzake, na ripoti niliyotakiwa kuandika ili arudishwe kwao

Wakuu, salamu zenu. Hii ilinipata mimi mwenyewe, si ya kusikia, na sehemu inayoniaibisha sijaikata.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa darasa la nne, shule moja ya msingi upande wa Nyamasaria. Kijana, suruali imenyooka kwa pasi, kiboko mkononi. Nilijiona kweli kweli.

Nikaletewa mtoto mgeni kutoka kijijini Pap Onditi. Tumwite Awino. Mpole, mwandiko safi, ila alikuwa na tabia moja mbaya: kufinya. Alifinya wenzake mpaka ngozi inavimba.

Ukimuuliza sababu, kimya. Nikamchapa. Akafinya tena. Nikamchapa tena.

Hedimasta akachoka. "Bwana, huyu arudi kwao. Niandikie ripoti, Ijumaa mama yake anakuja."

Na ukirudishwa hivyo, shule nyingine kukupokea ni shida. Mtoto wa kike ndiyo basi, anabaki nyumbani.

Ripoti ilitaka ushahidi, kwa hiyo nikakaa na daftari kumwangalia. Jumatatu hakumgusa mtu. Jumanne akafinya watatu kabla ya saa nne.

Nikajiuliza Jumanne ina nini. Ndipo nikaona: Jumanne alikuwa amevaa disk.

Kwa wale mliosoma juzi: ukikutwa shuleni unaongea Kijaluo badala ya Kiingereza, unavalishwa kipande cha mbao shingoni. Hicho ndicho disk. Huvui mpaka umnase mwingine akiongea Kijaluo, umpe yeye. Jioni atakayekuwa nacho anachapwa.

Awino Kiingereza hakuwa nacho, kwa hiyo disk ilikuwa yake karibu kila siku. Na wenzake walishajua, akiwakaribia wanafunga midomo.

Sasa nikaandika na wanachosema wale waliofinywa. Wote kitu kimoja: "Uuwi, mayo!"

Jamani, hakuna mtoto wa huku anayefinywa akalia kwa Kiingereza. Awino anamfinya, mwenzake anamlilia mama kwa Kijaluo, disk inahama. Na aliyefinywa analeta kwangu habari ya kufinywa tu. Ya disk haitaji, maana hiyo ina fimbo yake.

Mtoto wa miaka kumi alikuwa ametuzidi akili staffroom nzima.

Alhamisi nikamwita mezani kwangu. Nikasahau kabisa niko wapi, nikamuuliza vile mama yangu angeuliza, "Nyathina, ang'o marach?" Mwanangu, kuna nini?

Awino akaniangalia, akavua disk shingoni, akaninyooshea kwa mikono miwili, kwa heshima. Hakuwa ananichezea. Sheria ni sheria.

Nikaivaa. Nikatembea nayo hadi kwa hedimasta. Akaitazama, akauliza, "Hata wewe?" Nikamweleza yote na daftari wazi mbele yake. Akasema mtoto abaki. Disk iliondoka darasani kwangu tu, kwingine ikaendelea. Sikuwa na ubavu wa zaidi.

Ijumaa mama akaja kutoka Pap Onditi, na kuku kwapani wa kuniomba msamaha. Nilifurahi kweli, nina habari njema. Nikamwambia mtoto wako hana kosa, kosa lilikuwa letu.

Akanishukuru. Kisha akauliza polepole, bila hasira, "Kama hana kosa, mwalimu, zile fimbo zote zilikuwa za nini?"

Kuku nilimrudishia.

Nilichojifunza: tabia ya mtoto usiiangalie yenyewe tu, angalia inaanza saa ngapi na inamsaidia nini. Ningeanza na daftari, fimbo isingekuwepo.

Walimu na mliovaa disk mpo humu. Wewe ungemjibu nini yule mama?