Namna Nilimutafsiria Mama Mulevi wa Televizyo

Mu aveni yetu, barabara moja ya muji wa Kindu, televizyo ilikuwa moja tu, ya muchuruzi mumoja mutu wa Butembo. Siku ya posho jioni, ile inatangulia siku ya Mungu, alikuwa anawasha motere yake ya umeme na kufungua saloni, na sisi wote tunaingia: wanaume ku viti, wanawake na watoto chini ku mukeka. Teatre, ule muchezo wa kuigiza, ilikuwa inatoka Kinshasa, na ilisemwa kwa Lingala. Miye nilikuwa musichana wa miaka kumi na ine, na Lingala nilijifunza ku masomo kwa watoto wa maaskari. Basi njo nilikuwa mutafsiri wa mukeka. Kazi hiyo nilijivuna nayo kupita kiasi, na mutu akinikata maneno nilimugombeza bila kuangalia umri wake.

Tuliyemupenda sisi wote alikuwa mulevi mumoja wa tumbo kubwa, mwenye kumukimbia muke wake na kujificha ndani ya pipa. Nilikuwa naongeza chumvi: akisema neno moja, miye nasema tano. Mama alikuwa anacheka mupaka anashika mbavu. Na nyumbani mama hakuwa anacheka tena. Baba alienda ku machimbo ya Kama kuchimba zahabu. Aliaga kwa miezi mitatu, na sasa ilikuwa mwaka wa pili. Watu walisema iko na muke mwengine huko. Mama alipika sombe ya majani ya muhogo, akaweka pembeni sahani ya baba, na asubuhi miye njo naila ya baridi. Niliichukia ile sahani.

Kumbe wale wenye kuandika teatre hawakutaka mulevi abaki wa kuchekesha tu. Wakamufukuzisha kazi, wakamupeleka ku machimbo ya almasi. Posho moja tukamuona amekaa mu nyumba ya mwanamuke mwengine, mutoto mudogo ku magoti. Alikuwa na michezo yake ile ile: anageuza kofia kinyume, mutoto anacheka. Halafu akasema polepole ya kama hawezi kurudi kwa muke wake. Iko na haya. Mikono iko mitupu, na kila siku haya inazidi.

Nikamuangalia mama, nikafikiria ile sahani ya baba.

"Tafsiri basi!" wakanipigia kelele.

Nikasema, "Anasema kesho anapanda gari ya moshi, anarudi nyumbani! Anaogopa tu muke atamuvunja kichwa na mwiko!"

Mukeka muzima ukacheka. Mama peke yake hakucheka.

"Si vile alisema," akaniambia. "Sema vile anasema."

"Mama, miye njo nasikia Lingala."

"Hata miye nasikia. Nilikuwa nauzisha samaki kwa watu wa masua, kule Lokandu, weye hujazaliwa."

Aka! Wakati huo wote mama anasikia kila kitu, na miye napiga makelele ku masikio yake! Kasirani ikanishika. "Sasa mbona uliniacha natafsiri?"

"Sababu akisema mulevi mwenyewe, haichekeshi sana. Kwako weye njo inachekesha."

Nikaanza upya, neno kwa neno, bila chumvi: haya, mikono mitupu, yote. Wanawake wakamugeukia mama, sababu kila mutu alijua baba yangu iko wapi. Ku televizyo yule mulevi akageuza tena kofia, mutoto akacheka, na mama naye akacheka, machozi yanamutoka.

Tulipotoka, jua lilikuwa halijazama. Mama akanishika mukono.

"Baba yako si mutu mubaya," akasema. "Ni haya tu imemufunga. Lakini miye simungojei tena."

Hakulia. Miye, niliyefikiri namulinda, njo nililia pale pale mu barabara, musichana mukubwa vile, mbele ya watu, na mama akanifuta uso na kitenge chake.