Mawese ku Janti ya Bwana Yangu

Mpaka leo, nikisikia harufu ya mawese inaanza kushika moto mu sufuria, naondoa sufuria ku moto mbio. Watoto wangu wananicheka: "Mama, ni maharagi tu!" Waache wacheke. Hawakukuwa mu ile gari.

Gari ilikuwa ya bwana yangu. Tuko na duka hapa Kashebere, na ile gari njo ilikuwa inatuletea bidhaa toka Masisi. Ilikuwa na janti nyeupe, zile rimu za magurudumu, zenye matundu makubwa, na bwana yangu alizipenda kuliko mimi. Nasema bila wivu, kila muntu alikuwa anajua. Lakini barabara ya huku ni milima tupu. Ukishuka, unakanyaga freni mpaka chini, na freni ikisugua chuma ya ndani inatoa vumbi nyeusi, inakamata ku janti sawa masizi. Alizisugua na sabuni, na brosi ya meno, na hasira. Kesho yake, nyeusi tena. "Hii vumbi itaniua," alikuwa anasema, na mimi namujibu akaoe hizo janti basi.

Ile wiki mama yake alikuwa kwetu. Alitoka Buleusa, analima kule, na alituletea bidon ya mawese ya kwao, nyekundu, nzito. Mama mukwe ni muntu wa usafi kupita wote. Mbele ya kuweka sufuria ku moto ya kuni, anaipakaa mafuta mugongoni, ili masizi isishike. Chakula ikiiva, anapitisha kitambaa mara moja, sufuria inang'aa. Kwao mabibi wote wanafanya vile. Jioni alikuwa anakaa ku mulango, anaangalia mutoto wake mwanaume amepiga magoti mbele ya gari, anasugua na kulalamika. Alikuwa anatikisa kichwa tu.

Siku ya kwenda Burungu ku ndoa ya ndugu yetu, niliamuka nikamukuta inje ananawa mikono. Vidole ilikuwa nyekundu mpaka mu makucha.

"Mama, umeisha kupika?"

"Nimemaliza," akasema, akacheka peke yake. Nikafikiri ametuwekea maharagi ya njiani. Nikafurahi, hata.

Tukapanda. Mama mukwe mbele na kitenge yake mupya, mimi nyuma na zawadi. Bwana yangu alizunguka gari, akaona janti inang'aa, akapiga mluzi. "Leo wataniona!" Mama yake akageukia dirisha ili tusione anacheka.

Mu kijiji hakukanyaga freni hata kidogo, watu walikuwa wanatupisha. Kisha muteremko wa kwanza ukafika. Chini yake kuko daraja ya mbao, na juu ya daraja kulikuwa mabibi wamebeba mihogo, wanavuka polepole, wanapiga masolo na kucheka.

Nikaona mabega ya bwana yangu yamekazana. Akakanyaga. Gari ikaendelea. Akakanyaga tena, mpaka akainuka ku kiti.

"Freni haishike," akasema. Hakupiga kelele. Afazali angepiga kelele!

"Yezu wangu! Vuta freni ya mukono!" nikalia mimi kule nyuma.

Alikuwa ameisha kuivuta. Akashusha vitesi mpaka gia ya kwanza, mashini ikalia, gari ikapunguza kidogo, lakini daraja ilikuwa inakuja, na wale mabibi sasa wanatuangalia midomo wazi, mizigo ku migongo, pa kukimbilia hakuna. Mama mukwe alishika mukono wa mutoto wake. Bwana yangu akavunja volan, usukani wote, upande wa mulima, tukaingia mu udongo, tukapanda nusu, tukasimama tumeinama.

Harufu ikafika. Mawese ya moto! Kama muntu anakaanga kitunguu pale pale barabarani. Nilitazama zawadi, hakuna iliyomwagika. Bwana yangu akatoka, akachuchumaa ku tairi ya mbele. Moshi ilikuwa inatoka katikati ya janti. Akaingiza kidole ndani, akaitoa nyekundu. Akanusa. Akaniangalia mimi! Mimi!

"Nani alipakaa mafuta ku freni?"

"Ni miye," mama yake akasema. Alikuwa ameshuka, kitenge imejaa udongo. "Niliona ile vumbi haitoke inje. Inatoka mule ndani, ku ile chuma. Nikasema, nipakae pale inatokea, mutoto wangu apumuzike."

Mungu wangu. Aliona sawa kabisa! Vumbi inatoka pale pale. Nilikuwa nimefungua mudomo nimutukane, mimi nimezaliwa Butembo, na kule mwanamuke hamezi maneno. Lakini nikaona uso yake. Alikuwa anaangalia wale mabibi wa daraja, kisha mutoto wake, kisha mikono yake. Akaipangusa ku kitenge.

"Kumbe nilikuwa nakuua," akasema.

Bwana yangu alikaa chini mu matope na suruali ya ndoa. Kati yetu hakuna aliyefika Burungu ile siku. Mekanisiye alikuja, akasikia habari, akashika kichwa. Akafungua magurudumu, akatupa plaketi, zile zinabana chuma ya freni, zilizonywa mafuta, akaosha chuma mpaka ikauka.

Janti sasa ziko nyeusi, na hakuna muntu anazisugua. Mama mukwe akiwa kwetu, hapokei mutoto wake ku mulango. Anasikia gari, anatoka na fimbo yake, anapita mbele ya bwana yangu bila salamu, anainama ku tairi. Anapitisha kidole ku janti, anaiinua karibu na macho. Ikiwa nyeusi, basi freni inashika: anafanya alama ya musalaba na kile kidole, inabaki doa ku paji ya uso.

"Njo sasa," anamwambia, "karibu, mwana wangu."