Chokaa ya Baba Mkwe

Kosa ni langu na sina wa kumsukumia. Mimi ndiye niliyepaka chokaa kaburi lisilo letu, kisha nikasimama mbele ya usharika mzima nikajifanya nilikusudia. Naandika bila jina kwa sababu kule Mlali wanaoujua ukweli ni wajane wawili tu, na wote wawili wameshanicheka vya kutosha. Mke wangu atajua akisoma hapa. Naomba mnikumbuke kwenye sala.

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Mimi ni mtu wa itifaki hapa Dodoma. Napanga nani aingie kwanza, nani akae wapi, nani apewe kipaza sauti. Mgeni akikaa kiti kisicho chake, kazi yangu ni kutabasamu na kuonyesha kwamba ndivyo tulivyopanga tangu asubuhi. Ukifanya hivyo kwa miaka, ulimi unazoea. Nadhani mmeshaanza kuona tunakoelekea.

Kwetu ni Tabora. Ofisi ilipohamia huku nami nikahamia, nikajenga Mkonze, nikaoa binti wa Kigogo kutoka Mlali, huko Kongwa. Wakwe zangu walijaliwa mabinti watupu, kwa hiyo mimi mkwe mkubwa nikawa ndiye mwanamume wa kutegemewa. Walijua wanachokifanya? Hawakujua, maskini.

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Kengele ya kanisa lao ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, inagongwa kwa nondo, na baba mkwe alijihesabu mgongaji wake. Shida ni kwamba Mzee Yona, jina si lake, naye alikuwa mzee wa kanisa na naye alijihesabu mgongaji. Pasaka moja kila mmoja aliamka mapema amuwahi mwenzake. Walikutana pale mtini kila mtu na nondo yake, hakuna aliyekubali kurudi nyuma, wakagonga wote wawili kwa hasira mpaka watu wakatoka mbio na ndoo za maji wakidhani kuna nyumba inaungua.

Tangu siku ile wazee wale hawakusalimiana. Wake zao wakaacha kusalimiana, watoto wao wakagawana pande za kukaa kanisani. Mzee Yona akafariki, na kabla mwaka haujaisha baba mkwe akamfuata. Wakazikwa makaburi yaleyale ya usharika, hawajapatana, kwa sababu ya rimu.

Sasa sikia utaratibu wao wa Pasaka. Alfajiri rimu ikishalia, watu wanakusanyika kanisani na kwenda makaburini wakiimba. Wajane ndio wanaotangulia, maana waliofika kaburini kwanza siku ile walikuwa wanawake. Kila mjane anasimama kwenye kaburi la mumewe, mchungaji anatangaza kwamba Bwana amefufuka, na watu wanaitikia kwa sauti kubwa. Ndiyo maana Jumamosi Kuu kila familia inakwenda kusafisha kwao. Msimu huo mvua zimenyesha, nyasi zinafika kiunoni, na kaburi likikutwa kwenye nyasi asubuhi ile ni kama kusema marehemu hakuacha watu.

Ilikuwa Pasaka ya kwanza tangu baba mkwe aondoke. Kule mkwe wa kiume hapigi soga na mama mkwe wake, kwa hiyo mama alinitumia maneno kupitia mke wangu. "Mwambie mkwe anisaidie hilo moja tu. Pasaka isimkute mzee wangu kwenye nyasi." Hakuomba kingine.

Mke wangu na watoto walitangulia Alhamisi. Mimi nilipaswa kufika Jumamosi asubuhi. Nikashuka Kibaigwa kunyoosha miguu, nikakutana na jamaa wa zamani, na jamaa alikuwa ameagiza mbuzi. Nikajiambia kaburi halikimbii. Lile neno lilinipendeza mpaka nikalirudia kwa sauti, wenzangu wakacheka, tukaongeza ndizi.

Nilipofika Mlali jua lilikuwa linazama. Nikaona aibu kupita nyumbani kazi haijafanyika, nikamwambia kijana wa bodaboda anishushe makaburini moja kwa moja, na fyekeo langu, jembe na debe la chokaa.

Siku ya maziko nilikuwepo, ndiyo, lakini nilisimama mbali nikipanga magari. Nilichokumbuka ni mwarobaini tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba makaburi yale yana mwarobaini kila upande. Misalaba ya mbao ilikuwa imeoshwa na mvua, maandishi hayasomeki. Nyumba ya karibu ilikuwa hatua chache tu, ningebisha hodi nikauliza. Lakini mkwe mkubwa mzima, nikaulize baba mkwe wangu amelala wapi? Kiburi kikakataa.

Nikachagua lililokuwa jirani na mwarobaini. Nikafyeka, nikapalilia, nikapanga mawe vizuri, nikayapaka chokaa. Nilipoona debe halijaisha nikapaka tena mara ya pili, mpaka likawa tupu, nikaliacha palepale. Kaburi liling'aa. Nikaenda nyumbani kifua mbele, nikamwambia mke wangu, "Tayari." Nikamsikia mama mkwe jikoni akisema taratibu, "Asante Mungu."

Hapo niseme ukweli mwingine. Kwangu Pasaka ilikuwa mashati mapya ya watoto, pilau, na mapumziko mpaka Jumatatu. Ungeniuliza siku ya tatu kulitokea nini ningejibu vizuri kuliko katekista. Ungeniuliza inabadilisha nini Jumanne ukirudi ofisini, ningekwenda kutafuta chai.

Alfajiri tukaenda. Kulikuwa kunapambazuka tulipoingia makaburini, wajane mbele na khanga zao, sisi nyuma tunaimba. Nilikuwa nimenyoosha shingo nikisubiri sifa zangu. Mama mkwe akaliona lile kaburi jeupe. Akalipita.

Akaendelea hadi upande wa pili, kwenye mwarobaini mwingine, akaingia kwenye nyasi zikamfika kiunoni. Akazipasua kwa mikono mpaka akaupata msalaba. Akasimama hapo, khanga imelowa umande. Wimbo ukakatika wenyewe. Mpaka leo nikikumbuka mgongo wake pale kwenye nyasi najisikia vibaya kweli.

Wakati huohuo Mama Rehema, mjane wa Mzee Yona, alikuwa amesimama mbele ya mawe meupe mdomo wazi. Wanawe wako mbali na hawakuwa wamekuja kusafisha. "Nani amefanya hivi?" akauliza. Watu wakatazamana, kisha wakatazama viatu vyangu. Vilikuwa vile vyeusi vya ofisini, na vimejaa chokaa.

Mchungaji akasema, "Ni wewe, mkwe?"

Hapo ningesema neno moja tu: nimekosea. Badala yake ulimi wa itifaki ukafunguka. Nikatabasamu, nikasema, "Ni mimi, mchungaji. Nilianza na la jirani. Nikaona kama Kristo amefufuka, basi ugomvi ndio uzikwe." Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu.

Mama Rehema akavuka makaburi akaenda kwa mama mkwe. Akainama akaanza kung'oa nyasi kwa mikono. Mama mkwe naye akainama. Wale wanawake wawili waling'oa nyasi pamoja, mpaka mchungaji naye akaiweka ibada kando, akashika za kwake. Wengine wakafuata. Jua lilipotoka kaburi la baba mkwe lilikuwa wazi, watu wanalia, na mimi nalia nao, ila mimi nalilia uongo wangu.

Mchana nikapewa firigisi kwa heshima. Haikushuka.

Mngedhani yaliishia hapo. Rimu sasa inagongwa na familia zote mbili kwa kupokezana. Mimi nikaitwa mpatanishi. Pasaka iliyofuata nikaombwa kutoa neno, nikalitoa, Mungu anisamehe, nikajitolea mfano mimi mwenyewe. Kila sifa ilinikaa kooni kama ile firigisi. Ningesema lini? Nikisema, amani yao yote itabomoka, maana imejengwa juu ya chokaa yangu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nikiwa peke yangu nilijiona mtu mkubwa anayebeba mzigo kwa ajili ya wengine.

Mwaka huu wakaniomba neno tena. Safari hii nilishindwa kuendelea na uongo. Nikaenda Mlali, nikamkuta mama mkwe nje ya jiko anachambua mlenda. Nikachuchumaa mbali kidogo, kama inavyotakiwa, nikatazama chini.

"Shikamoo, mama. Nina neno."

"Marahaba. La kaburi?"

Nilikaa chini kabisa.

"Debe lilikuwa tupu, mkwe," akasema, mikono inaendelea na mlenda. "Mtu akisema ameanza, huwa amebakiza. Wewe chokaa uliimaliza yote kwa Yona. Nilijua palepale."

Nikamuuliza kwa nini alininyamazia.

"Nilikasirika. Nilitaka kukupiga na khanga mbele ya watu. Halafu mwenzangu akaja kwenye nyasi zangu. Ningemwambia nini? Azirudishe?" Akacheka peke yake. Kisha akaacha kuchambua. "Wale wanawake wa kwanza nao walikosea safari. Walibeba manukato ya kumpaka maiti, na maiti hakuna. Hawakufukuzwa kwa kukosea. Walipewa habari, wakaambiwa wakimbie wakaseme."

Nikaanza kupata nafuu. Nikafungua mdomo nishukuru.

"Lakini wao walisema walichokiona," akasema. "Wewe ulisema usichokifanya. Nenda kwa Mama Rehema."

Nilikwenda miguu haitaki. Nilimweleza yote, Kibaigwa, mbuzi, mwarobaini, kiburi. Nikamwomba, magoti chini, kwamba anichukie mimi lakini asivunje amani na familia ya mama mkwe kwa sababu ya uongo wangu.

"Uongo gani?" akauliza.

"Nilivyosema pale kwamba nimeanza na la jirani."

"Kumbe ulisema hivyo?" Akacheka mpaka akajifuta macho. "Baba, mimi sikukusikia. Nilimwona mwenzangu amesimama peke yake kwenye nyasi, Pasaka yake ya kwanza. Na mimi ya kwangu nilisimama hivyohivyo, hakuna aliyekuja. Nikaona, kama yule Bwana ametoka kaburini, mimi nabaki humu nafanya nini? Nikaenda. Chokaa yako ilinifurahisha, lakini haikunitoa mahali nilipokuwa."

Muda wote ule niliobeba amani yao mabegani, kumbe nilikuwa nimebeba debe tupu. Niliona aibu, halafu nikaona nimepona, na sijui kipi kilitangulia.

Wewe unayesoma, ukikosea kaburi, sema umekosea kaburi. Usimtungie Mungu hotuba wala usidhani kazi yake itaanguka ukiondoa mkono wako. Bwana aliinuka kaburini hakuna mtu wa itifaki pale, na mambo yakaenda. Nimelijifunza hilo nikiwa na mvi, na limeniuma kuliko kosa lenyewe, maana nilipenda sana kuwa mpatanishi.

Pasaka hii nitasimama niseme yote kwa usharika, na nimeandika hapa kwanza ili nisipate pa kukimbilia. Jumamosi Kuu nitafika asubuhi, sishuki Kibaigwa. Wajane wangu wawili wameshaniambia watanisindikiza makaburini. Watasimama kila mmoja kwenye la mzee wake, wanyooshe kidole, na mimi nitapaka wanaponionyesha.