Siku Washenga Waliponikuta Angani

Nimetua London mara kumi na nne na sijawahi kupanda ndege. Hata zile ndogo zinazopita juu ya Garsen kwenda Lamu mimi naziona tumbo tu. Kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo na mbegu za mahindi katika duka la mlango mmoja, na anayenilisha hasa ni kupe. Lakini ikifika Jumamosi namwachia mke wangu duka, naingia chumba cha nyuma nyumbani kwangu, navaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani nililoliokota kwenye mitumba, chini nimejifunga kikoi kwa sababu ya joto, kisha nakaa mbele ya kompyuta na kuwa rubani wa dege la injini nne. Niko peke yangu. Sina rubani msaidizi, wala mhudumu wa kuniletea chai, maana mke wangu aliikataa kazi hiyo mapema sana.

Watu wakiniambia ni mchezo wa watoto, nawaka. Ndege ni ya kompyuta, sawa, sikatai. Lakini waongozaji wa ndege, tunaounganishwa nao kwa mtandao, ni watu hai, watu wazima, kila mmoja yuko kwake huko Ulaya na kwingineko, wamejifunza kazi hiyo na wanaifanya bure kwa kuipenda. Wanakuona kwenye ramani zao. Wanakwambia panda, shuka, geuka, nawe unatakiwa kuwajibu papo hapo kwa sauti yako, kwa Kiingereza chao cha mbio, huku marubani wengine kama wewe wanasikiliza. Huwezi kuisimamisha ndege hewani ukaenda msalani. Nimejaribu kulieleza hilo nyumbani kwangu kwa miaka na sijaeleweka bado.

Siku ya kwanza kufungua mdomo nilimsalimia mwongozaji. Nilimuuliza hali yake, nikamuuliza nyumbani hawajambo, nikamuuliza na mvua kama imenyesha. Ndivyo nilivyolelewa kijijini kwetu Kulesa. Humwingilii mtu na shida yako kabla hujajua kama ameamka salama. Nyuma yangu kulikuwa na ndege tisa zikingoja nimalize kujuliana hali. Yule bwana akanijibu kwa upole kwamba mvua ipo, na kwamba nigeuke kushoto sasa hivi. Wiki nzima nikikumbuka nilikuwa naona haya peke yangu dukani.

Sasa, Jumamosi ninayotaka kuisema, waongozaji walikuwa wamepanga siku kubwa. Kila kituo kingekuwa na mtu, kuanzia Nairobi mpaka London, na nafasi za kutua ziligawiwa miezi miwili kabla kwa waliowahi kuomba. Mimi niliwahi. Na Jumamosi hiyohiyo, saa kumi alasiri, washenga walikuwa wanakuja kutoka kijiji cha Ngao kumposa binti yangu mkubwa.

Msinitazame hivyo. Nilipiga hesabu. Nikipaa Nairobi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tisa na nusu niko chini, nimeoga, nimevaa kanzu, nimekaa sebuleni kama baba wa watu. Tena washenga wa kwetu wakisema saa kumi, hodi unaisikia saa kumi na moja na nusu. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, Mzee," kwa ile sauti ambayo mwanamume mwenye akili akiisikia angezima kompyuta.

Maana jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Kwetu baba wa binti asipotokea, washenga hawaulizi sababu. Wanakunywa walichowekewa, wanaaga vizuri, na shauri limekufa hapohapo. Binti yangu ni mwalimu, ana miaka ishirini na sita, na huyo kijana wa Ngao walikuwa wamengojana miaka minne mpaka wazee wa upande wake wakakubali. Alianza kufagia uwanja tangu alfajiri. Nilimwona dirishani wakati napasha injini.

Safari ilikwenda vizuri hadi nikafika karibu na London. Hapo mwongozaji, mwanamke mwenye sauti ya ualimu, akaniambia ndege zimejaa, nizunguke hewani mpaka aniite. Nikazunguka. Saa tisa na nusu nazunguka. Saa kumi kasoro robo nazunguka. Saa kumi kamili, dakika haijazidi hata moja, nikasikia hodi mlangoni.

Washenga saba. Nadhani ndio watu pekee waliowahi kufika kwa wakati tangu nihamie Garsen.

Mke wangu aliingia, akasema wageni wamefika. Nikainua mkono kuonyesha dakika tano. Akarudi baada ya robo saa, akasema wamekwisha kunywa maji na sasa wanakunywa chai. Nikainua mkono tena. Jasho lilikuwa linanitiririka, na si la joto peke yake. Nilijua ninalolifanya. Ningeweza kusema sikujua, lakini nilijua, na bado niliambiwa geuka kulia nikageuka, niliambiwa shuka nikashuka, mtiifu kweli kweli kwa mama wa watu nisiyemjua sura.

Mara ya tatu mlango ulipofunguka hakuwa mke wangu. Alikuwa kiongozi wa washenga mwenyewe, mzee mrefu, mkulima wa mpunga, na fimbo yake mkononi. Aliniangalia kuanzia mabegani mpaka kwenye kikoi. Kisha akaketi kitandani na kukitazama kioo cha kompyuta, ambapo uwanja wa London ulikuwa unanijia mbio.

"Hiyo ni ndege?" akauliza.

"Ndege, mzee wangu. Naomba radhi, naitua sasa hivi."

"Ina abiria?"

"Mia tatu na kumi."

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Wamo kweli?"

"Hapana, mzee. Hawamo."

"Aa. Na sisi saba tulioko sebuleni, tumo?"

Hapohapo mwongozaji aliniambia nisitue. Ndege ya mbele yangu ilikuwa bado haijatoka njiani, nipande tena, nizunguke, nirudi kwenye foleni. Ni dakika ishirini na tano hizo. Vidole vyangu, nasema kweli, vilikuwa vimekwisha kuanza kupandisha ndege. Ilibidi niviondoe kwa nguvu.

Nikabonyeza kitufe cha kuongea, nikamwambia yule mwanamke kwa Kiingereza kwamba siwezi kuendelea, nina wageni. Akasema nirudie. Nikarudia kwamba nina wageni, wamekuja kumposa binti yangu. Kisha rubani mmoja asiyejulikana, sijui alikuwa nchi gani, akasema hongera. Nikazima, na dege langu na abiria wake wakatoweka kwenye ramani zao.

Nilitokea sebuleni na lile shati la mabega ya dhahabu, kanzu niliisahau. Wazee wakainamia vikombe. Kiongozi wao hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema maneno machache, kwamba wameiona nyumba, wameipenda, wamekirimiwa, na watarudi siku ambayo baba yupo. Wakaaga.

Nisiwaache roho juu, walirudi. Ilichukua wiki mbili na mimi kwenda Ngao kuomba radhi mara tatu, na safari hiyo ya pili walinikuta nimekaa kibarazani na kanzu tangu saa sita mchana. Harusi imepita. Watu wa kule mpaka leo wananiita Rubani na naitika.

Lakini jioni ya ile Jumamosi, wageni walipoondoka na hatujui kama watarudi, mke wangu alikuja akasimama mbele yangu. Akaniambia kwamba saa kumi na robo alimtuma binti yetu azime umeme wa nyumba nzima. Swichi kubwa iko ukumbini, hatua mbili kutoka mlango wangu. Binti alikwenda, akaweka mkono kwenye swichi, akasimama hapo mpaka mzee wa Ngao alipompita kuja kuniona mwenyewe. Hakuizima.

Nikamfuata binti jikoni. Alikuwa anaosha vikombe vya washenga, bado amevaa dera lake jipya, na macho yalikuwa mekundu. Nikamuuliza kwa nini hakuzima. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa.

"Nilikuwa nakusikia ndani, Baba," akasema. "Nikafikiri ukishatua utatoka mwenyewe."

Akanipa kitambaa nifute vikombe.