Kijiko cha Elwyn Beddoes

Watu hujisifu kwa mambo mengi. Yuko anayejisifia ng'ombe, na yuko anayejisifia wanawe waliosoma mpaka wakasahau njia ya kurudi nyumbani. Elwyn Beddoes wa Wenbury, kule Shropshire, alijisifia mlango. Si mlango wa nyumba, maana wa kwake ulilia kama paka aliyekanyagwa mkia, na mkewe Glenys alikwisha choka kusema. Mlango wa gari.

Karakana ya Halloway pale Wenbury huunda magari ya michezo kwa mkono, matano kwa wiki, na wiki yenye mafua, manne. Wewe uliyezoea magari yanayotoka kiwandani kama maandazi kwenye karai, yote sura moja, hapo ungepotea. Kiunzi ni cha mbao. Juu yake bati la alumini hugongwa kwa nyundo mpaka likubali lenyewe. Ngozi hushonwa na akina mama wawili wanaosutana tangu asubuhi mpaka jioni na hawajawahi kukosea mshono. Kwa hiyo hakuna magari mawili yaliyo sawa. Chukua mlango wa hili umpe nduguye, utakataa kama kiatu cha mtu mwingine. Tena mabanda yenyewe yamejengwa kwenye mteremko. Gari huzaliwa juu kwa maseremala, kisha husukumwa kwa mikono banda hadi banda, mpaka la mwisho kabisa karibu na lango.

Gari hilo huitwa Kestrel, nalo liko la namna tatu. Kuna la wazi, ambalo Waingereza hulinunua kwa matumaini ya jua. Kuna la paa, ambalo hulinunua baada ya kukata tamaa. Na kuna la mashindano, lisilo na kioo wala mlango, na hilo Elwyn alikuwa halitazami usoni.

"Hiyo si gari," alikuwa akisema. "Hiyo ni beseni lenye injini."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa akitia milango. Mlango wa Elwyn uliusukuma kwa kidole kimoja, ukajifunga kwa sauti ya mtu mnene anayekaa kwenye kiti cha sufu: *bufu*, basi. Na siri yake haikuwa kipimo cha chuma kama cha mafundi wengine. Ilikuwa kijiko cha chai. Kijiko kile kilikuwa kimoja kati ya sita walivyopewa siku ya harusi yao na mama yake Glenys. Mpini wake ukipita kati ya mlango na bodi ukigusa kidogo pande zote mbili, mlango umekaa. Ukipita kwa raha, kazi haijaisha. Kisha, kengele ya chai ya saa nne ikilia, anakifuta kwenye suruali na kukorogea chai.

Sasa pale karakana kuna ubao mweusi ukutani, nao huitwa Ubao wa Kelele. Gari likikutwa na mlio usio wake, chaki huandika jina la fundi aliyeusababisha, hata kama ni skrubu moja iliyolegea. Atakayetoka Agosti hadi Agosti bila kuandikwa hupewa Kestrel ya wazi ya karakana kwa Jumamosi na Jumapili, aende atakako. Wakibaki safi wawili, hupewa mwenye miaka mingi kazini.

Mwaka huo, siku ya mwisho ikiwa Ijumaa, walibaki safi wawili: Elwyn, na fundi wa rangi mmoja aitwaye Rodney Gittins, mtu mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko brashi yake.

"Huyu hafai hata kuhesabiwa," Elwyn alikuwa akilalamika. "Rangi inapiga kelele wapi? Nani amewahi kusikia rangi ikigongana?"

"Wivu, mzee wa bawaba," Gittins alimjibu. "Mimi sipigi kelele kwa sababu kazi yangu haihitaji kutetewa."

Lakini kwa Elwyn haukuwa mchezo. Siku aliyomwoa Glenys, walikuwa waende Barmouth, pwani ya Wales, kwa gari la wazi la kuazima. Gari likafa maili tisa tu kutoka kanisani. Bibi harusi alimalizia safari juu ya lori la kabichi, shela limejaa majani, na bwana harusi akaapa mbele ya dereva na kabichi zake: "Glenys, siku moja nitakupeleka Barmouth kwa gari nililolitengeneza kwa mikono hii." Akaja kuajiriwa kwa Halloway, akatia milango maelfu, na hakuna hata gari moja alilowahi kulitoa nje ya lango. Na Jumamosi hiyo, kesho yake, ndiyo ilikuwa miaka arobaini ya ndoa yao. Glenys alikwisha nunua kitambaa cha kichwa cha manjano. Kilikuwa kimekunjwa juu ya kabati, na Elwyn alikipita kila asubuhi kama mtu apitaye mbele ya hakimu.

Wiki hiyohiyo, Jumatano, kijiko kikapotea.

"Gittins!" Elwyn alipiga kelele banda zima lisikie. "Rudisha kijiko changu!"

"Nikifanyie nini? Nipakie rangi?"

"Unataka milango yangu ipinde ili jina langu liandikwe ubaoni. Nakujua. Babu yako aliiba baiskeli ya kasisi."

"Babu yangu aliazima. Na kasisi alikuwa hajui kuiendesha."

Siku mbili zile Elwyn alipimia kijiko cha kantini na kulalamika kwamba ni kinene kama mwiko. Gittins alipopita, Elwyn alifunika kikombe chake kwa kiganja, eti asije akaibiwa hata chai.

Ijumaa saa tisa alasiri, gari la mwisho la mwaka lilikuwa likishushwa. Lilikuwa Kestrel ya paa, ya kijani kama chupa, ya mganga mmoja wa ng'ombe aliyekuwa ameisubiri miaka mitatu. Angekuja kuichukua saa kumi. Barabarani ilikwisha jaribiwa asubuhi na kupita. Waliisukuma watu wanne, Gittins nyuma akibishana kuhusu mpira, Elwyn ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani na sikio karibu na mlango wake. Magurudumu yakapita juu ya chuma cha mtaro.

*Tik.*

Elwyn aliganda. Wale wengine waliendelea kubishana kama mpira uligusa kwapa au mkono. Gari likaingia banda la mwisho, wakalipangusa, wakaenda kunawa. Elwyn akabaki. Akaufungua mlango, akautikisa kidogo.

*Tik.*

Mtu akijua mlio wa kijiko chake cha miaka arobaini, haulizi tena. Akakumbuka yote. Jumatano, ametoka kupima, amekisimamisha kijiko ndani ya mlango kwenye ubao wa kiunzi ili mikono yote miwili ivute ngozi ya kuufunika mlango kwa ndani. Kengele ya chai ikalia. Na ukitaka kujua Mwingereza ameumbwa kwa nini, mgongee kengele ya chai. Alipigilia ngozi haraka haraka, akatoka, akafika mezani, akapapasa mfuko, akamwita Gittins mwizi. Kijiko kilibana pale siku mbili, majaribio ya asubuhi yakakilegeza.

Akatazama saa. Saa tisa na robo. Kuivua ngozi na kuirudisha ni nusu saa. Nafasi ipo. Lakini ngozi haivuliwi banda la mwisho bila kuandikwa ubaoni. Upande wa pili, nani angejua? Mganga wa ng'ombe, aliyezoea kupigwa mateke masikioni? Kijiko kingeweza kunyamaza mwezi mzima. Kwa hicho kimya cha mwezi mmoja, Glenys angefika Barmouth na kitambaa chake.

Elwyn akaufunga mlango kwa kidole. *Bufu.* Mzuri, ulimfurahisha. Na baada ya bufu, kwa chini sana, *tik*, kama mtu anayecheka ndani ya blanketi.

"Mungu wangu," akasema Elwyn. "Siwezi."

Akachukua kifaa chake, akaanza kung'oa misumari ya ngozi. Bi Philippa Halloway, mwenye karakana, mwanamke mrefu avaaye koti la marehemu baba yake, alimkuta amepiga magoti.

"Elwyn, unafanya nini na gari la watu?"

"Lina mlio, Bi Philippa. Wangu."

"Mimi sijasikia kitu. Mjaribu hakusikia kitu."

"Mimi nimesikia."

Bi Philippa aliinama kando yake. "Unajua kesho ni Jumamosi gani."

"Najua vizuri kuliko kasisi aliyetuoa."

Akaingiza mkono hadi kiwiko, akatoa kijiko. Kilikuwa na nyuzi za sufu, kama kimeota ndevu. Kufikia hapo banda lilikwisha jaa watu. Kilio cha kicheko kilichopanda pale kingeng'oa paa. Wale akina mama wa ngozi walishikana mabega, wao ambao hawajashikana tangu Krismasi. Gittins peke yake hakucheka. Alivuka banda polepole, akajipanga mbele ya Elwyn.

"Naomba nisikie," akasema. "Kwa sauti."

Elwyn alikohoa. "Rodney Gittins hakuiba kijiko changu."

"Na babu yangu?"

"Aliazima baiskeli."

"Asante, mzee wangu."

Bi Philippa akaandika BEDDOES, KIJIKO kwenye ubao, akazirusha funguo za Kestrel ya wazi. Gittins akazidaka kwa mkono mmoja, akainama kama mwanasiasa. Watu wakapiga makofi. Kisha, mmoja baada ya mwingine, makofi yakafifia, na vicheko vikaanza upya kutoka pembeni.

"Gittins," akasema mama mmoja wa ngozi, "utaiendesha na nini? Leseni yako si iko kwa hakimu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu Juni Gittins alikuwa akija kazini kwa baiskeli, baada ya kupita mbele ya shule kwa mwendo uliomfanya askari amwonee huruma mama yake. Akaziangalia funguo. Akamwangalia Elwyn, ambaye alikuwa akipigilia ngozi na kujifanya haoni.

"Kanuni inasema mshindi aende atakako," Gittins akasema. "Je, ikiwa mimi nataka kwenda kulala? Mtu anaweza kunisafiria?"

"Kanuni haikatazi," akasema Bi Philippa.

"Basi sikiliza, Beddoes. Funguo hizi hapa. Lakini mwaka mzima, kila saa nne, chai yangu unaikoroga wewe. Kwa kijiko hichohicho. Na unaniuliza, 'Imekolea, Bwana Gittins?'"

Elwyn alipigilia msumari wa mwisho. Akaupima mlango kwa mpini, akaridhika, akasimama.

"Sukari ngapi?"

"Mbili."

"Mwizi," akasema Elwyn, akazipokea funguo. Na msidhani macho yake yalilengwa machozi. Lile lilikuwa vumbi la sufu, yeye mwenyewe alisema.

Jumamosi mvua haikunyesha hadi walipovuka mpaka wa Wales, jambo ambalo kwa watu wa kule ni sawa na kiangazi. Glenys alikuwa amefunga kitambaa cha manjano hadi kidevuni, na kila walipokata kona alipiga ukelele, na kila walipomaliza kona alisema, "Tena." Mlango wa upande wake ulikuwa kazi ya Elwyn ya miaka sita iliyopita. Alikuwa amemwambia hivyo mara nne.

"Nimesikia, baba. Ni mlango. Mzuri."

"Hausikii ulivyotulia?"

"Nasikia."

Walipofika kilimani, penye njia mbovu, bahari ikiwa imeanza kuonekana chini:

*Tik. Tik.*

Elwyn akasimamisha gari katikati ya kondoo. Akashuka, akazunguka, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake ya maadhimisho, akabandika sikio mlangoni. "Haiwezekani," akanong'ona. "Miaka sita. Haiwezekani. Glenys, usitikisike."

Lakini Glenys alikuwa akitikisika mwili mzima. Alitia mkono mfukoni mwa koti lake, akatoa kijiko, na nyuma yake chupa ya chai ambayo kilikuwa kikiigonga.

"Nilikihamisha kutoka mfuko wako," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Nikasema huyu akienda nacho, atapima milango ya Barmouth nzima. Inuka, Elwyn. Koroga."