Dakika Nne za Kikao cha Pembeni

Nilipoandika pendekezo langu la kwanza la kikao nilikuwa nimekasirika, na nadhani lilisomeka hivyo.

Wakati huo nilikuwa nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari karibu na Rulenge. Jumamosi watu walinijia nyumbani niwajazie fomu za mtandaoni, maana siku hizi chuo kinachopokea karatasi ni cha kutafuta. Jumamosi moja alikuja mama kutoka Mbuba na binti yake, aliyetaka kuomba nafasi ya uuguzi. Fomu ilikuwa na kurasa saba. Tulipofika ukurasa wa sita, mtandao ukakatika kidogo, na uliporudi tukakuta kila kitu kimefutika. Tukaanza upya. Ikatokea hivyo mara tatu. Yule mama hakugombana na mtu. Mara ya tatu aliuliza tu, "Mwalimu, kwani hii mashine haikumbuki hata jina la mtoto?"

Nikaanza tena ukurasa wa kwanza. Tulipofika ukurasa wa mwisho, Jumatatu mchana, muda wa maombi ulikuwa umekwisha tangu jana yake. Binti akakaa nyumbani mwaka mzima.

Nilikuwa najua kuna watu wanaopanga kanuni za wavuti, yaani namna kurasa zinavyotakiwa kuundwa ili zifanye kazi kwenye simu na kompyuta za kila aina. Nilifuatilia mijadala yao kwa baruapepe bila kusema neno. Kila mwaka wana mkutano mkubwa, na ndani yake hutenga siku ya vikao vya pembeni: yeyote anapendekeza jambo, na wanaolipenda wanajitenga kwenye chumba kimoja kulijadili kwa saa nzima. Yeyote. Neno hilo nililisoma mara mbili.

Nikapendekeza tujadili fomu zinazopoteza kazi ya mtu mtandao unapokatika. Waandaaji walijibu kwamba lengo halieleweki. Nikaandika upya. Wakajibu kwamba sasa linaeleweka, ila linafanana na pendekezo la bwana mmoja wa Ulaya kuhusu kasi ya kurasa, na kwa kuwa vyumba ni vichache, tuunganishe. Mimi sikuona kufanana. Yeye alizungumzia ukurasa unaochelewa, mimi kazi ya mtu iliyopotea. Lakini nikaogopa kukataa nikakosa vyote, nikakubali.

Bwana yule alikuwa mpole, na hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana mkorofi ungejua namna ya kumjibu. Kila alipoirudisha rasimu, sehemu yangu ilikuwa imepungua. Mama wa Mbuba akageuka "mtumiaji mwenye mtandao hafifu", kisha akawa aya moja, kisha mstari wa mwisho kwenye ratiba. Niliomba dakika ishirini. Akasema tutaona siku yenyewe.

Mkutano ulikuwa Asia, mimi nikashiriki kwa video, na kikao chetu kiliangukia saa nne asubuhi kwetu. Niliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akauliza ni nani aliyenituma. Nikamwambia hakuna. Akasaini. Sikutaka kubahatisha mtandao wa nyumbani, kwa hiyo siku moja kabla nilipanda basi hadi Nyakanazi, kwenye gesti niliyosikia ina mtandao mzuri. Asubuhi malori yakaanza kuunguruma chini ya dirisha langu. Mhudumu akanihurumia, akanifungulia stoo ya nyuma. Nikakaa juu ya rundo la magodoro, kompyuta nikaiweka kwenye kigoda.

Bwana alianza kwa michoro yake. Ilikuwa mizuri, na ilikuwa mingi. Nilipokabidhiwa zamu zilibaki dakika nne. Niliacha karatasi yangu, nikasimulia habari za yule mama kama zilivyotokea. Nilipomaliza, mtu mmoja ukumbini akanyoosha mkono. Alisema kwa heshima zote kwamba ananisikia na kuniona bila kukwama hata kidogo, kwa hiyo labda tatizo hilo limeshapita. Baadhi wakacheka, si kwa ubaya.

Nikasema, "Mnanisikia vizuri kwa sababu nimesafiri tangu jana kuufuata huu mtandao. Yule mama hawezi kupanda basi kila anapojaza fomu."

Mwenyekiti akatushukuru, akasema muda umekwisha. Mhudumu akagonga na chai, akauliza kama usaili wangu umekwenda vizuri. Nilishindwa kumweleza. Nikasema ndiyo.

Wiki iliyofuata kumbukumbu za kikao zikatolewa. Kuhusu sehemu yangu kulikuwa na sentensi moja: washiriki waliona kuwa hali ya mtandao katika maeneo hayo imeboreka. Nilimwandikia bwana, akajibu kwamba kumbukumbu zinaonyesha yaliyojiri chumbani. Nikaandika tena, hakujibu. Mara ya tatu nilimwandikia moja kwa moja mwandishi wa kumbukumbu, mwanamke nisiyemjua, nikamnukulia maneno niliyoyasema. Alijibu kabla sijamaliza kipindi cha mchana. Alisema aliandika kwa haraka, anaomba radhi. Akaifuta sentensi ile, akaweka yangu neno kwa neno. Kisha akaniuliza ile fomu ilijengwaje, nikamweleza kwa urefu, naye akaliingiza jambo hilo kwenye orodha ya mambo ya kushughulikiwa.

Lipo humo hadi leo. Kila baada ya miezi michache mtu anaandika chini yake kwamba ni muhimu sana, kisha anaondoka.

Mwaka huu nimependekeza kikao tena, peke yangu. Walipotaka tuunganishe na cha mtu mwingine nilikataa, kwa maneno machache na bila kuomba samahani. Wamenipa saa ya mwisho ya siku ya mwisho, wakati wengi wanawahi ndege. Nimeipokea.