Mkanada Wangu na Mmarekani Wake

Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea mke mwenzangu. Aliolewa kabla yangu, nyumba yake ilikuwa ndiyo nyumba kubwa, na katika miaka ya hamsini, misheni ilipofunguliwa karibu na Busawe, alipata kazi ya jikoni kwa mama wa Kimarekani. Mimi nilifika wiki moja baadaye, nikakuta limebaki jiko la Mkanada.

Mmarekani alikuwa mwalimu, mke wa mchungaji, na kicheko chake kilisikika hadi mtoni. Mkanada hakuwa na mume. Alikuwa muuguzi wa zahanati, tukimwita Sista, na chombo chake kilikuwa baiskeli. Jioni mke mwenzangu alirudishwa kwa gari, amekaa mbele, mkono uko nje ya dirisha. Mume wetu akiona vumbi lake alisimama getini kumpokea. Mimi nilirudi kwa miguu, na mara nyingi hakujua kama nimerudi.

Basi nikampenda Sista kwa hasira. Nilijifunza upesi kwamba kumwita Mmarekani ni kumtukana. Mgonjwa akikosea, aliacha kufunga kidonda, akamweleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba nchi yake ni nyingine, iko juu ya Marekani kwenye ramani, tena ni kubwa zaidi. Ukutani alitundika picha ya Malkia, yule yule aliyetutawala na sisi. Mmarekani akipita pale hakukosa neno: watu wake waliutimua ukoo ule kwa bunduki zamani sana. Vijana wetu waliokuwa wameanza kuzungumza habari za uhuru walimpenda kwa maneno hayo. Sista alijibu kwamba kwao walijitawala bila kumwaga damu, ila kuna watu hawajui kungoja. Kisha aliomba chai. Mwenzake alikunywa kahawa tu, na nyumbani kwa Sista kahawa haikuchemshwa hata mgeni akiitaka.

Walishindana hata katika kumshukuru Mungu. Sista alifanya karamu yake ya mavuno mwezi wa kumi, kama desturi ya kwao, kuku mmoja na watu wanne. Mmarekani alingoja mwezi uliofuata, akachoma kanga watatu, akaita misheni nzima na kutangaza kwamba hiyo ndiyo yenyewe. Mke mwenzangu aliniletea paja la kanga, amelifunga vizuri kwenye jani la mgomba. Nilimpa mbwa.

Tuliishi hivyo mpaka binti zetu walipomaliza darasa la nne. Walikuwa wamepishana miezi michache tu, na kama wasichana wengi wa wakati ule walichelewa kuanza shule, kwa hiyo walikuwa wasichana wakubwa tayari. Wake alikuwa msemaji, haoni haya mbele ya mtu. Wangu alikuwa na mwandiko mzuri hivi kwamba Sista alimpa kazi ya kuandika majina ya dawa kwenye chupa. Misheni ikapata nafasi moja katika shule ya bweni ya wasichana, mbali, upande wa ziwani. Nafasi moja tu. Atakayebaki ataolewa, baba yao alishasema wazi, kwa sababu kaka zao walikuwa wanasubiri ng'ombe wa mahari ili waoe. Mimi sikukanyaga darasani hata siku moja. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Sista akamtaja binti yangu. Mmarekani akamtaja wa mwenzangu. Wakabishana wiki nzima, mmoja akisema Wamarekani wanapenda kusukuma watu, mwingine akisema Wakanada wana tabia ya kununa na kujiona wastaarabu. Mwishowe wakaamua kumwachia baba wa watoto.

Mume wetu hakutaka kuchagua kati ya nyumba zake mbili, na kwa hilo simlaumu. Alitafuta njia yake. Akasema hawa wageni wamefanana rangi, wanasema lugha moja, wamepakana, kwa hiyo lazima ni wana wa baba mmoja, na wana wa baba mmoja wana mkubwa na mdogo. Jumapili atawauliza. Mkubwa ndiye atakayesema, na atakayemtaja ndiye atakayekwenda.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Mimi ni mtu wa Nata, nimeolewa na Wakurya. Kwetu urithi unafuata upande wa mama, na mtu akikaa karibu na mama yake ana nguvu. Jumamosi nikipepeta ulezi nikamwambia Sista amweleze mzee kwamba watu wake hawakumwacha mama yao, Malkia, hata siku moja, na kwamba wale wengine walimpiga mama wakakimbia. Sista alicheka kwanza. Kisha uso wake ukachangamka, maana hilo ndilo jambo alilopenda kulisema kuliko yote.

Jumapili tukakaa uani. Mmarekani alianza, akasema nchi yake ilijitegemea mapema, ndiyo kubwa kwa umri. Sista akasimama wima, akayasema maneno yangu vizuri kuliko nilivyomfundisha, kwamba Malkia ni mama na wao wako naye mpaka leo. Nilimtazama mke mwenzangu. Alikuwa ameingiwa na hofu, vidole vinachezea upindo wa kanga yake, na mimi nilifurahi. Sitaficha, nilifurahi sana.

Mume wetu aliuliza jambo moja tu, kama kweli watu wa Sista bado wako nyumbani kwa mama. Sista akakubali, tena kwa kujivuna.

"Basi huyu ni mdogo," mzee akasema. "Mkubwa hutoka akajenga boma lake. Aliyebaki kwa mama yake hatangulii kusema mbele ya kaka yake."

Sista alianza kueleza kwamba wana bunge lao, wana waziri mkuu wao. Mzee alikuwa amekwisha kumgeukia Mmarekani, naye akataja jina.

Jioni ile Mmarekani alikuja nyumbani kwa Sista kuomba radhi, na nikatumwa kuchemsha kahawa. Niliwasikia sebuleni wakisimuliana jinsi mzee alivyozipanga nchi zao kama nyumba za wake wawili. Sista alicheka mpaka akafuta macho. Kwao mambo yaliishia hapo. Mwaka uliofuata alinitafutia nafasi nyingine, kwa haki kabisa alihangaika, lakini ng'ombe wa binti yangu walikuwa wameshaingia zizini.

Barua ya kwanza kutoka bweni ilipofika, mke mwenzangu hakuwa na wa kumsomea. Wanaume walikuwa mnadani. Binti yangu alikuwa amekuja kunisalimu kutoka kwa mume wake, kijijini Machochwe, akaitwa. Mwenzangu aliniita na mimi nikasikilize. Nilisema nina kuni za kupasua, nikasimama nyuma ya nyumba na shoka mkononi, sikupasua hata gogo moja. Binti yangu alisoma bila kukwama, kurasa mbili, habari za vitanda, za uji wa asubuhi, za maktaba yenye kabati mbili za vitabu. Alipomaliza akairudia tena tangu mwanzo, ingawa hakuna aliyemwomba.

Kisha nikamsikia akisema, "Mama mkubwa, naomba niende nayo. Kule kwangu hakuna cha kusoma."

Mke mwenzangu hakusita. Alimpa barua ya mtoto wake, ya kwanza na ya pekee aliyokuwa nayo. Binti yangu akaikunja, akaitia kifuani, akapiga goti kumshukuru. Mimi ndiye mama yake, na nyumbani mwangu hamkuwa na karatasi hata moja ya kumpa.